Naivasha ilivyoirudisha Safari, na kwa nini WRC bado ni mgeni

Mwaka 2021 Mbio za Magari za Dunia, WRC, zilikuwa na duru 12. Kumi na moja zilifanyika Ulaya. Iliyovuka bahari ni moja tu, nayo ilikuwa Safari Rally yetu ya Naivasha, Kenya. Korona ilichangia, maana duru ya Japani ilifutwa, lakini tatizo la WRC kutotulia nje ya Ulaya ni la zamani. China iliandaa duru mara moja, 1999. Ilipopangiwa tena 2016, mvua iliharibu barabara na duru ikafutwa. Marekani, soko ambalo kila kampuni ya magari inalitamani, haikuandaa hata duru moja tangu 1989 hadi 2025. Anayetaka kuelewa kwa nini mashindano haya hayaoti mizizi nje ya kwao, aje atazame jinsi Safari Rally ilivyorudishwa hapa.

Kwanza, kwa nini iliondoka. Safari ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa karibu miaka 50 iliendeshwa kwenye barabara za umma ambazo hazikufungwa. Dereva aliyekuwa akikimbia kwa kasi zote angeweza kukutana na lori, baiskeli au kundi la ng'ombe. Miaka ya mwisho timu kubwa zilikodi helikopta itangulie juu ya gari, mtu aliye ndani akimwonya dereva kwa redio. Magari yaliundwa upya kwa ajili ya Kenya peke yake: bodi ikaimarishwa, vyuma vikafungwa mbele, gari likainuliwa. Mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda na Ford Focus, umbali wa kushindana ulifika kilomita 1,000 hivi, zaidi ya mara mbili ya duru ya kawaida ya Ulaya. Hakuna kampuni iliyotaka kuendelea kubeba gharama ya gari la wiki moja, na pesa za uandaaji zilikuwa haba. Mwaka uliofuata Kenya haikuwemo kwenye kalenda, Uturuki ikaingia.

Iliporudi 2021, Naivasha ililimaliza tatizo la barabara kwa ustadi mkubwa. Badala ya barabara za umma, waandaaji walitumia njia za ndani ya mashamba na hifadhi: Kedong, Loldia, Oserian, Soysambu, hadi Hell's Gate. Lango likifungwa, mkondo, yaani kipande cha mbio kinachopimwa muda, umefungwa. Kambi ya mafundi iliwekwa kwenye chuo cha mafunzo ya wanyamapori karibu na ziwa, na mikondo ikazunguka hapo, gari litoke asubuhi na kurudi kwa mafundi kabla ya mikondo ya mchana. Nairobi iko mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo ufunguzi ukafanyika Kasarani. Mwaka 2021 jumla ilikuwa mikondo 18, kilomita 320 hivi. Kwa ramani, hiyo ni duru ya Ulaya iliyowekwa juu ya Bonde la Ufa.

Ardhi, hata hivyo, haikukubali kuwa ya Ulaya. Jivu la volkano linalofunika sakafu ya bonde ni laini kama unga. Madereva huliita fesh-fesh. Juu linaonekana kama barabara, chini yake kuna mtaro au jiwe. Gari likizama hadi tumboni, tairi huzunguka bila kushika kitu, na injini huvuta vumbi badala ya hewa. Ndiyo maana utaona bomba la kuvuta hewa limepandishwa ubavuni hadi usawa wa paa. Ijumaa ya 2021 Kalle Rovanperä alikwama kwenye unga huo. Jumapili Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima. Mkondo wa kwanza wa siku, Loldia, ukamvunjia shokomzoba ya nyuma, na Sébastien Ogier akachukua ushindi.

Mpaka hapo waandaaji wetu wanastahili sifa. Kilichobaki bila jibu ni pesa na magari, na kwangu hicho ndicho kiini.

Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya, alishinda Safari na Volvo PV544 ya mtumba. Fundi wa Nairobi angeweza kulifungua gari lile, kulitengeneza na kulielewa. Leo magari ya daraja la juu yanatoka kwa kampuni tatu tu, Toyota, Hyundai na Ford, na gereji ya kwetu haiwezi kununua wala kuhudumia hata moja. Mwaka 2021 Onkar Rai alimaliza wa 7, Karan Patel wa 8 na Carl Tundo wa 9, wote Wakenya, wote katika magari ya madaraja ya chini. Kipaji kipo. Kilichokosekana ni gari: miaka miwili iliyofuata Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, mwaka baada ya mwaka.

Mashindano yasiyo na dereva wa nyumbani wa kushangilia kileleni huuza tiketi na vyumba vya hoteli kwa wiki moja, kisha makontena hufungwa. Kampuni hazina sababu ya kulipia duru ya mbali, kwa hiyo mzigo huangukia serikali mwenyeji, na serikali hubadilika. Tofauti inaonekana kwenye East African Safari Classic, iliyoanza 2003 kwa magari ya zamani: humo washiriki hujilipia wenyewe, Mkenya Ian Duncan ameshinda 2009 na 2013, na mbio zinaendelea.

Ombi langu kwa wizara na shirikisho la mbio za magari ni moja. Kila shilingi inayotolewa kuikaribisha WRC iambatane na sehemu ya kununulia vijana magari ya daraja la tatu, na kuwapa mafundi wa Nakuru nafasi ya kuyahudumia. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ya ngazi ya dunia ni huyo huyo Duncan, na ilikuwa 1994.