Si Doa: Tulivyoisoma Sarafu ya Mjerumani Iliyookotwa Ikoma

Kijana mmoja wa Robanda alinifuata Mugumu na sarafu aliyoifunga kwenye pindo la leso. Aliiokota akipalilia mtama, upande wa magofu ya Fort Ikoma, lile boma la mawe waliloliacha Wajerumani. Alikuwa ameshaisoma mwenyewe. "Imeandikwa doa," alisema. Watu fulani walikuwa wamemwambia kwamba doa ni alama, kwamba pale alipoiokota ndipo ilipofukiwa mali ya Mjerumani, nao wako tayari kuchimba iwapo atachangia gharama.

Jambo hili linaniumiza. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa ajili ya mashimo ya namna hiyo, na mashimo yakabaki mashimo. Ndiyo maana naeleza hapa jinsi tulivyoisoma, ili mwenye sarafu kama hiyo aisome mwenyewe kabla hajasomewa.

Kwanza tuliweka kisu kando. Alikuwa ameanza kuikwangua ukingoni, na palipokwanguliwa palikuwa paking'aa njano. Rangi hiyo ilitusaidia kujua kwamba ni shaba ya njano, lakini ncha ya kisu ingepita katikati, herufi zingekwenda. Tuliiosha kwa maji na mswaki laini, tukaiacha ikauke. Kisha tukafunga dirisha na kuwasha tochi ya simu. Ukimulika kutoka juu, mwanga hufuta kila kitu. Ukiilaza tochi juu ya meza, mwanga ukaja kwa ubavu, kila herufi hutupa kivuli chake. Mwisho tuliifunika kwa karatasi nyepesi na kupitisha penseli juu yake taratibu, na karatasi ikaonyesha ambacho jicho lilikuwa limeshindwa kukiona.

Zilijitokeza tarakimu 1916, taji lililopinda kidogo, na zile herufi tatu. Baina ya herufi na herufi kulikuwa na nukta. Nukta hizo ndizo zilizotegua kitendawili chote, kwa kuwa neno zima haliandikwi kwa nukta kila baada ya herufi. Hicho ni kifupisho: D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni jina la koloni lililoandikwa juu ya fedha ya koloni. Yeyote aliyeishika sarafu hiyo sokoni aliliona, na hakuna anayeficha siri kwenye kitu kinachopita mikononi mwa watu wote.

Ilibaki herufi moja peke yake, T. Kijana alidhani ni Tarime. Ni dhana nzuri, maana ameitazama herufi akatafuta mahali, na kweli herufi ya namna hiyo hutaja mahali. Viwanda vya sarafu vya Ujerumani vilitia alama zao kwa herufi: A ni Berlin, J ni Hamburg, na hela nyingi za koloni hili zina mojawapo. T haimo katika viwanda vya kwao. T ni Tabora. Kufikia 1916 manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, sarafu kutoka Ulaya haziji, na vita vinahitaji fedha ya kulipa askari na wapagazi. Wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa shaba waliyoweza kuipata. Hapo ndipo nilipolielewa lile taji lililopinda. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, kazi ikakoma. Mwaka, herufi, madini na mapigo mabaya ya muhuri, vyote vinne vinaelekeza kwenye karakana ileile.

Sarafu nyingine za Mjerumani zina mitego yake, na swali linalonisaidia kila mara ni hili: nani alitarajiwa kuisoma? Pesa ya 1890 ina Kijerumani upande mmoja. Upande wa pili ina herufi za Kiarabu zinazotaja shirika la Ujerumani, na mwaka wa Hijria 1307, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walisoma Kiarabu. Rupia ya fedha yenye mtu aliyevaa kofia ya tai imeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Ukilitafuta neno hilo katika kamusi ya Kijerumani utachoka bure. Ni Kilatini, lugha ya fahari ya wafalme wa Ulaya, na maana yake ni Wilhelm wa Pili, Kaisari.

Hata vile vikombe vikubwa vya bia vyenye kifuniko cha bawaba, ambavyo askari wa Kijerumani walivinunua walipomaliza utumishi, husomwa kwa swali hilohilo. Maandishi yake mara nyingi ni ya Fraktur, herufi zenye pembe na mikia, ambamo s ya katikati ya neno hufanana sana na f. Mtu huona "Dienftzeit" akakwama, kumbe ni Dienstzeit, muda wa utumishi. Aliyetarajiwa kuyasoma ni askari mwenyewe akiwa kwao, na alichotaka kukiona ni jina lake, kikosi chake, miaka yake na majina ya wenzake.

Tuliigeuza sarafu ya kijana upande wa pili. Ndani ya majani kulikuwa na 20, na chini yake neno moja. Nilimwachia kijana alisome mwenyewe. Akalipitia kwa kucha, herufi kwa herufi: H, E, L, L, E, R. Heller ni jina lililotoka mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, na heller mia moja zilifanya rupia moja kuanzia 1904. Akalirudia kwa sauti, mara ya pili akaiacha ile r ya mwisho.

"Hela?"

"Ndiyo. Hela ishirini."