Gumha au Ngika?

Wapenzi wa sataranji hubishana: Fischer au Kasparov? Sisi Wasukuma, hapa Misungwi na kwingine, ubishi wetu ni Gumha au Ngika, manju wa karne ya 19 walioacha makundi ya Bagalu na Bagika. Kipimo ni umati: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, watazamaji wanahamia kwa anayewavuta, mwenye wengi kashinda.

Kinachonikera ni simulizi. Ukiuliza kwa nini fulani alishinda, unajibiwa: dawa. Dawa! Basi utunzi, sauti, kumjibu mpinzani papo hapo, vyote bure?

Michezo ya Fischer imeandikwa, tunairudia hatua kwa hatua. Tuandike nyimbo za manju wa leo, na za aliyeshindwa pia, maana umati ukishahama hakuna anayesikia ubeti wake wa mwisho.