Kifua kimepona. Na miguu je?

Hebu tuupime utafiti wa Nix-TB, uliochapishwa mwaka 2020, kwa jicho la mchimbaji wa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Vumbi la mwamba wa dhahabu huwa na silika, na silika hudhoofisha ulinzi wa mapafu. Ndiyo maana kifua kikuu kinawaandama wachimbaji.

Sifa kwanza. Wagonjwa 109 wa Afrika Kusini, wenye kifua kikuu sugu cha hali ngumu kabisa, walimeza bedaquiline, pretomanid na linezolid kwa miezi 6. Asilimia 90 walifanikiwa. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, ila kwa ugonjwa uliokuwa ukiua wengi hata wakitibiwa, hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu: asilimia 81 walipata ganzi au maumivu ya neva. Watafiti wakaandika kwamba madhara yalidhibitika, kwa kupunguza au kusimamisha linezolid. Yalidhibitika kwa nani? Anayeshuka duarani lazima ahisi anapokanyaga. Kigezo kikuu kiliuliza kama matibabu yameshindwa au ugonjwa umerudi. Kama mtu amerudi kazini, hakikuuliza.

Tatizo liko kwenye kemia yenyewe. Linezolid huzuia ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha bakteria. Sasa, mitokondria zetu, zinazozalisha nishati ndani ya seli, nazo zina ribosomu zinazofanana na hizo. Neva zinaumia kwa kufananishwa na adui.

Utafiti wa ZeNix, mwaka 2022, ulishusha dozi kutoka miligramu 1200 hadi 600 kwa wiki 26: mafanikio asilimia 91, matatizo ya neva asilimia 24. Nafuu kubwa, lakini bado ni karibu mtu 1 kati ya 4.

Kwa hiyo kampaundi mpya bado zinahitajika. Sutezolid, ndugu wa linezolid, imeshajaribiwa Tanzania na Afrika Kusini, ila kwa miezi 3 tu, na kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha kawaida. Hatua nzuri, lakini neva huchelewa kulalamika. Miezi 3 haitoshi kutuaminisha.

Jaribio linalofuata lihesabu makohozi safi, sawa. Lihesabu pia miguu inayoweza kurudi kazini.