Eksirei ya Mguu Huamuliwa na Mkao

Mtu aliyeumia kifundo cha mguu akilazwa chali kwenye meza ya eksirei, vidole vikitazama dari, na akapigwa picha ya mbele peke yake, picha inaweza kutoka safi kabisa na bado ikamficha daktari sehemu anayoihitaji kuliko zote. Katika mkao huo ncha ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, huangukia juu ya talasi, mfupa unaopokea uzito wa mwili kutoka kwenye muundi. Nafasi ya kiungo iliyopo kati yao haionekani tena. Mashine haina kasoro na kiasi cha mionzi kilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba eksirei hubandika kila kilicho mbele na kila kilicho nyuma kwenye bamba moja bapa, na hapa mifupa miwili imekaa kwenye njia moja ya miale. Ndiyo maana nashikilia kwamba mkao wa mguu ni sehemu ya uchunguzi wenyewe, na anayeuchukulia kama maandalizi tu ameshapoteza nusu ya jibu kabla ya kubonyeza kitufe.

Tuanze na kifundo chenyewe, kwa sababu ndicho kinachoonyesha wazi zaidi nyuzi za pembe zinazotajwa vitabuni zimetoka wapi. Nundu ya nje ya kifundo haiko sambamba na ya ndani. Imekaa nyuma yake kwa kama sentimita 1. Ukizungusha mguu kuelekea ndani kwa nyuzi 15 hadi 20, nundu zote mbili huwa na umbali sawa kutoka kwenye kaseti (bamba linalopokea miale), fibula hujitenga na talasi, na nafasi ya kiungo hufunguka pande zote tatu: juu, ndani na nje. Lakini kinachozungushwa ni mguu mzima kuanzia pajani, unyayo ukiwa umesimama wima. Mpigaji akisukuma vidole tu, wayo utageuka na muundi utabaki ulipokuwa, na picha itafanana na ile ya kwanza. Usahihi huu una sababu nzito. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walichapisha jaribio lililoonyesha kuwa talasi ikihama milimita 1 tu kwenda nje, eneo ambalo mifupa ya kiungo hicho hugusana hupungua kwa asilimia 42 hivi. Madaktari wengi huanza kutilia shaka kano za ndani nafasi ya upande huo inapozidi milimita 4. Vipimo vidogo namna hiyo havisomeki kwenye picha ambayo mguu wake umepinda ovyo.

Mkao pia ni kuamua picha ianzie wapi na iishie wapi. Kanuni ya zamani ya kupiga muundi pamoja na viungo vyake viwili, goti na kifundo, hupuuzwa kirahisi pale mgonjwa anaponyooshea kidole sehemu moja inayouma. Hata hivyo nguvu iliyopindua kifundo inaweza kupanda kati ya muundi (tibia) na fibula, ikachana utando unaoziunganisha, kisha ikatokea juu kwa kuvunja fibula karibu na goti. Jeraha hili hubeba jina la Maisonneuve, mpasuaji wa Ufaransa aliyelieleza mwaka 1840, zaidi ya miaka 50 kabla Röntgen hajagundua eksirei. Anayepiga picha ya kifundo peke yake ataona mifupa mizima na mgonjwa atarudishwa nyumbani na bandeji, huku kiungo chake kikiwa kimelegea. Kwa mtu mrefu, kaseti ya sentimita 35 kwa 43 huwekwa ili mguu ulale kwenye mstari wa kona kwa kona, ambao una sentimita 55 hivi. Mguu usipoenea hata hapo, hupigwa picha mbili zinazopishana katikati.

Kwenye wayo mambo huwa magumu zaidi. Mifupa 26 imepangwa kwa upinde, na metatasali, mifupa mirefu ya wayo, huteremka kutoka katikati ya wayo kwenda vidoleni. Mgonjwa hukunja goti na kukanyaga kaseti, na mwale huinamishwa nyuzi 10 hivi kuelekea kisigino ili upite kati ya mifupa badala ya kuilalia. Wayo wenye upinde mkubwa hutaka karibu nyuzi 15, na ulio bapa hutosheka na 5. Baada ya hapo wayo huinuliwa upande wa nje, na hapo ndipo mpangilio wa metatasali ya tatu, ya nne na ya tano huonekana. Msomaji wa picha hufuata mistari: ukingo wa ndani wa metatasali ya pili unyooke na ule wa kuneifomu ya kati, na wa metatasali ya nne unyooke na ule wa kuboidi (kuneifomu na kuboidi ni mifupa ya katikati ya wayo). Mstari ukivunjika, kiungo cha Lisfranc, kinachounganisha metatasali na mifupa hiyo ya katikati, kimeachia. Vitabu vya mifupa hurudia kusema kuwa takribani jeraha 1 kati ya 5 la kiungo hiki hupitwa kwenye picha ya kwanza, na sababu moja kubwa ni mgonjwa kupigwa akiwa amelala. Kano zilizokatika hazina kinachozivuta, mifupa hutulia mahali pake, na picha husema hakuna tatizo. Mtu huyohuyo akisimama, mwanya kati ya metatasali ya kwanza na ya pili unaweza kupita milimita 2, hasa ukiulinganisha na mguu wa pili.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la kibinadamu: aliyevunjika mguu hawezi kuzungushwa wala kusimamishwa. Ni kweli, na anayemlazimisha anamuumiza bure. Lakini kanuni haisemi mgonjwa ndiye asogee. Inasema mwale, mfupa na kaseti vipatane. Mguu uachwe ulivyo, tyubu ya eksirei ihamishiwe upande wa nje na kuinamishwa kuelekea ndani kwa nyuzi zilezile, nayo picha ya ubavu ipigwe kwa mwale wa mlalo, kaseti ikisimamishwa kando ya mguu. Kusimama kunaweza kusubiri siku kadhaa hadi maumivu yapungue, mradi mgonjwa asiambiwe kuwa yu mzima kabla ya hapo.

Wengine watasema kompyuta na CT scan vimeshamaliza mjadala huu. Kompyuta hung'arisha picha na kurekebisha weusi wake, lakini haiwezi kutenganisha mifupa miwili iliyopigwa ikiwa imefunikana. CT scan inaweza, na kwa mivunjiko ya vipande vingi mpasuaji anaihitaji kweli. Ila mashine nyingi humpiga mgonjwa akiwa amelala, kwa hiyo swali la kano chini ya uzito hubaki palepale. Gharama yake ni kubwa kuliko ya eksirei, na hospitali nyingi za wilaya hazina. Zaidi ya hayo, uamuzi wa kumpeleka mtu CT scan mara nyingi hutokana na kile kilichoonekana kwenye eksirei.

Pingamizi la mwisho ni mionzi: picha tatu ni nyingi kuliko moja. Uchunguzi wa kifundo au wayo hutoa kama milisivati 0.001, kiasi kidogo kuliko mionzi ya asili ambayo mwili hupokea kwa siku moja. Mionzi isiyo na faida ni ile ya picha mbovu inayorudiwa. Na anayetaka kweli kupunguza picha, njia ipo: kanuni za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992 na Ian Stiell na wenzake nchini Kanada, humwelekeza daktari kubonyeza sehemu maalumu za mifupa na kuuliza kama mgonjwa anaweza kutembea hatua 4, ndipo aamue kama eksirei inahitajika. Punguza wanaopigwa picha; usipunguze umakini kwa anayepigwa.

Kwa hiyo kazi igawanywe vizuri. Daktari aandike kwenye fomu mfupa unaouma, jinsi mgonjwa alivyoumia na kama anaweza kusimama, kwa sababu bila hayo mpigaji hawezi kuchagua pembe. Mpigaji apewe muda na mamlaka ya kuongeza picha anapoona kiungo hakijafunguka. Na anayesoma picha aanze kwa kuhukumu mkao kabla ya kutafuta ufa. Mkao ukiwa si sahihi, asiandike kuwa mfupa ni mzima, aandike kuwa picha haijajibu swali na iombwe nyingine.