Njia ya Kuisimamia Swichi kwa Mbali

Swichi ya Cisco yenye mfumo wa IOS, ikitoka kiwandani, haina anwani ambayo fundi aliye mbali angeifikia. Kazi ya kwanza kwa hiyo hufanywa papo hapo ilipo: kebo ya konsoli huchomekwa kwenye laptopu, na mawasiliano hupangwa kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kuwa konsoli haipiti kwenye mtandao wowote, hubaki wazi hata mipangilio mingine yote ikivurugika.

Kisha hufuata anwani ya IP ya usimamizi. Anwani hiyo haiwekwi kwenye tundu la kebo bali kwenye kiolesura cha VLAN, na yafaa VLAN hiyo iwe mbali na ya watumiaji. Hapa kuna kosa linalojirudia mno: anwani huwekwa, lango la kutokea husahaulika. Swichi huendelea kupitisha mawasiliano ya watumiaji vizuri, maana kazi hiyo haihitaji anwani yake yenyewe, na fundi aliye kwenye mtandao huohuo huifikia bila shida. Anayeijaribu kutoka mji mwingine hapati jibu. Pakiti zake zinafika, ila swichi haijui majibu iyapitishe wapi. Ndiyo maana jaribio la kutoka meza ya jirani halithibitishi kitu. Lifanywe kutoka mtandao mwingine.

Anwani ikishafikika, hubaki kuchagua itifaki ya kuingilia. Telnet, iliyosanifishwa mwaka 1983, hupitisha nenosiri likiwa wazi. Tatu Ylönen wa Finland aliunda SSH, inayosimba mawasiliano, mwaka 1995 baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Ili IOS ikubali SSH, kifaa hupewa jina na kikoa, kisha hutengenezewa jozi ya funguo za RSA, za biti 2,048 au zaidi. Njia za kuingilia, ziitwazo vty, huachiwa SSH pekee, toleo la 2, na orodha ya ruhusa huzifungia anwani zote zisizo za mafundi. Nenosiri la kiwandani libadilishwe bila mjadala: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka ruta na kamera nyingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya manenosiri hayo kupitia Telnet. Neno la siri la kiwandani “public” linaloachwa kwenye SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa, ni mlango uleule. Toleo la 3 la SNMP, lenye uthibitisho na usimbaji, ndilo la kutumia.

Orodha ya ruhusa ikikosewa humfungia nje aliyeiandika. Kwenye IOS amri huanza kazi mara moja, lakini hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka zihifadhiwe, na mafundi wazuri huigeuza hali hiyo kuwa kinga. Kabla ya kubadilisha chochote huagiza kifaa kijiwashe upya baada ya dakika 10. Njia ikikatika, kifaa huamka na mipangilio ya zamani. Isipokatika, agizo hufutwa na mipangilio huhifadhiwa. Utaratibu wa Juniper uitwao commit confirmed ni bora zaidi: badiliko lisipothibitishwa ndani ya dakika 10, hutenguliwa bila kifaa kuzimika.

Hata hivyo, kinga hizo hazitoshi pale njia ya usimamizi inapopita ndani ya mtandao uleule unaosimamiwa. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers ya Kanada iliondoa kichujio kimoja kwenye ruta. Taarifa za njia za pakiti, nyingi kupita kiasi, zikamwagika kwenye kiini cha mtandao, nacho kikaanguka. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma, na mafundi wakashindwa kuzifikia ruta zenyewe, kwa sababu mtandao wa usimamizi ulitegemea kiini hichohicho. Tiba yake ni kuunganisha konsoli za vifaa vyote muhimu kwenye seva ya konsoli yenye modemu yake, laini ya kampuni nyingine ya simu na betri yake ya akiba.