Kidari Bila Mchuzi

Tuanze na kidari, maana ndicho kilichoharibu trei nzima. Dar hadi Dubai, saa tano na nusu hewani, daraja la kawaida, na mpangaji wa menyu akaona inafaa abiria wapewe kidari cha kuku cha kuchoma, kimepigwa mistari ya wavu, bila tone la mchuzi. Mliopita njia hiyo mnakijua: ukikigusa kwa uma kinaachana nyuzinyuzi, na kila tonge linadai maji ya kulisukuma.

Kuku huyo hakupikwa angani. Alipikwa jikoni huku chini, akapoozwa haraka hadi chini ya nyuzijoto 5, akapakiwa, kisha akapashwa kwenye oveni ya ndege inayopuliza hewa ya moto. Nyama imeshapikwa mara mbili hapo. Paja lingestahimili, lina mafuta na mishipamishipa inayolainika kwa moto. Kidari hakina kinga hiyo. Kikipashwa upya kinajikamua hata unyevu uliobaki. Hakuna mpishi wa ndege asiyejua haya, kwa hiyo msiniambie ni bahati mbaya. Kidari kinakatika vipande vinavyolingana uzito, kinapendeza kwenye picha ya menyu, na mtu wa mahesabu anasaini. Ni wale wale wanaomtukuza Robert Crandall wa American Airlines kwa kuondoa zeituni moja kwenye saladi miaka ya 1980 ili kubana gharama. Nimeshalalamika kuhusu zeituni ile, na nitaendelea.

Mwaka 1973 shirika la ndege la UTA la Ufaransa lilimwita Raymond Oliver, mpishi mkuu wa Le Grand Véfour, Paris, alitengenezee menyu. Akachagua kuku wa divai, ng'ombe wa kupikwa taratibu kwa divai nyekundu, ndama wa mchuzi wa krimu. Vyote vya rojo, vinavyopashwa bila kukauka. Yule ndiye mpishi! Na ndege inayoondoka Dar ingehitaji kwenda Paris kuuliza? Kuku wa kupaka yupo. Biriani ipo, nyama imelala ndani ya sosi, na tangu lini biriani ya harusi ikaharibika kwa kupashwa?

Mchuzi ungesaidia hata ladha. Kabini hukaa kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, na hewa yake ni kavu mno. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ililipimia Lufthansa jambo hili mwaka 2010: chumvi na sukari hupungua makali, ila ladha nzito ya nyanya haitetereki. Kidari chetu kilikuwa na chumvi ya kupimiwa mgonjwa.

Wali ulikuwa laini, mkate wa moto, saladi sina neno nayo.

Kilichoniudhi zaidi kilikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Mama mmoja alikuwa ameagiza mlo wa mboga wa Kihindi, akaletewa mapema kabla ya toroli kufika kwetu: dengu za rojo, viazi vya nyanya, kila kitu kinang'aa. Jiko ni lile lile, oveni ni ile ile. Mlo huo huagizwa saa 24 kabla ya safari, bure. Mimi nala nyama, lakini njia hiyo sasa napita kama mla mboga.