Anastasia Hana Kungwi

Kila ninayemjua hapa Chamazi aliyegusa Fifty Shades of Grey ana maoni makali juu yake, na nusu yao hawajafika ukurasa wa mia. Hicho si kitu cha kuwacheka. Kuna vitabu ambavyo watu huvigombania kabla ya kuvisoma, na mfululizo huu wa E L James ni mmojawapo: vitabu vitatu vya mwanzo vilivyotoka kati ya 2011 na 2012, nakala zaidi ya milioni 150 zimeuzwa duniani, na filamu yake ya 2015 jirani zetu Kenya wakaipiga marufuku hata kabla haijaonyeshwa. Huku kwetu havikuhitaji duka. Vimesafiri kwa simu, faili kwa faili, na kimoja kimoja kwenye vile vitabu vya mtumba vinavyotandikwa chini mjini.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Kuna wanaosema ni uchafu, basi, hakuna mjadala. Kuna wanaosema jamani tuacheni tupumue, mtu mzima kwake na kitabu chake. Halafu kuna sisi tunaojiita wasomaji wa fasihi, ambao tunakunja pua na kusema tatizo si kitanda, tatizo ni sentensi. Na kweli sentensi ni mbovu. Anastasia anauma mdomo wa chini mara nyingi mpaka unamwonea huruma mdomo. Ana kile kijimungu chake cha kike kinachocheza ngoma ndani ya kifua kila Christian anapoingia chumbani, na ukikutana nacho mara ya ishirini unataka kukiomba kikae chini. Lakini hoja ya sentensi ni hoja ya kukwepa. Simulizi ngapi za kipelelezi tumezimeza kwa hamu na sentensi zake zilikuwa mbovu vilevile? Hakuna aliyezigombania hivi.

Nimeshawishika kwamba kinachotugawa ni kingine, na kinahusu ukoo wetu wenyewe wa kuzungumza mambo haya.

Tuanze na lugha. Mtu anaweza kupanda daladala ya Mbande akiwa amefungua Fifty Shades kwenye simu, akasoma sura nzima ya chumba chekundu huku bega lake limebanana na la mama mtu mzima, na asihisi lolote. Kiingereza ni pazia. Mpe mtu huyohuyo chombezo la Kiswahili, lile lenye maneno "18+" juu na "ITAENDELEA" chini, uone anavyoinamisha kioo. Chombezo halina pazia. Kila neno linajulikana, kila neno lina mtu aliyewahi kukulia ukalisikia likinong'onwa. Ndiyo maana msomaji mmoja anaweza kutetea kitabu cha James kwa nguvu zote na papo hapo kuliita chombezo takataka. Nimewasikia. Sidhani kama ni unafiki tu. Ni kwamba lugha ya pili haina bibi ndani yake.

Na Kiswahili kina bibi wengi. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi ambamo, katikati ya dini na adabu, anamfundisha namna ya kumtunza mume mpaka kwenye manukato na kumkanda. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Waswahili kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, anaeleza unyago bila kuona haya. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa mwimbaji, lakini pia alikuwa mtu wa unyago, anayepiga ngoma na kuwafunda wari. Hapa Temeke, kwenye nchi ya Wazaramo, mwali bado anachezwa, na asiyechezwa atakutana na somo kwenye kichenpati, kipaza sauti mkononi, ukumbi umejaa akina mama, wanaume wamefukuzwa mpaka wapishi. Anayosema somo pale ni makali kuliko chochote alichoandika E L James. Hakuna anayesema ni uchafu. Watu wanatunza noti.

Sasa, tofauti ni nini? Kwenye unyago mafunzo yanatoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke. Kungwi anajulikana jina, anajulikana nyumba. Akikufunda vibaya, mama yako ataenda kumgongea mlango. Na mwali hayuko peke yake. Hata maumivu na aibu ya kuulizwa maswali anayapata mbele ya watu waliokwisha kupita palepale. Sisemi unyago ni pepo. Una ukatili wake, na sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe ni jinsi ya kumridhisha mume, huyo mwali akiridhika ni bahati yake. Lakini una shahidi.

Rudi kwa Anastasia. Ana miaka 21, anamaliza chuo, hajawahi kulala na mwanamume. Mama yake yuko mbali, jimbo jingine kabisa, na ndoa ya nne. Anayemfundisha ni mwanamume wa miaka 27, tajiri wa helikopta. Na jambo la kwanza analomfanyia, kabla hajamfungulia kile chumba, ni kumsainisha mkataba wa kutunza siri. Asimwambie mtu. Hata Kate, shoga yake wanayekaa nyumba moja, haruhusiwi kujua. Baadaye Ana analalamika kwamba hana wa kumuuliza maswali, na jamaa anashangaa: si uniulize mimi?

Ukurasa huo, kwangu, ndio moyo wa mfululizo mzima, na sijui kama mwandishi mwenyewe aliuona. Tunahangaika na mijeledi na pingu, wakati kitu cha kutisha kiko kwenye karatasi. Mwali aliyekatazwa kuongea! Msomaji wa Pwani anaposema kitabu hiki "si cha kwetu," nadhani ndicho anachokihisi hata kama mdomoni kinatoka kama neno "maadili."

Lakini wanaokipenda nao wana haki, na hapa naachana na wakunja pua wenzangu. Kuna mkataba wa pili, ule wa nani atafanya nini kitandani na mipaka yake ni ipi. Ana anausoma kipengele kwa kipengele, anatafuta maneno asiyoyajua kwenye kompyuta, halafu wanaandikiana baruapepe: hiki sitaki, hiki labda, hiki ufute kabisa. Zile baruapepe ndizo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Zina utani, zina hasira, na kijimungu kimekaa kimya. Ni wapi tena kwenye riwaya ya mapenzi tunayoisoma huku mwanamke amepewa kurasa nyingi hivyo za kusema "hapana" kabla ya kitendo? Na huo mkataba wa pili Ana hausaini kamwe. Mwisho wa kitabu cha kwanza, baada ya kupigwa mkanda mara sita, anavaa nguo anaondoka. Kama mfululizo ungeishia kwenye ile lifti, ningeutetea popote.

Hauishii. Kinakuja cha pili, na pesa zinaanza kusema. Ameshanunuliwa laptopu, ameshanunuliwa gari aina ya Audi badala ya kile kigari chake kikuukuu. Sasa mwanamume ananunua kampuni anayofanyia kazi. Na simu yake, tangu mwanzo, inafuatiliwa. Usiku aliolewa na kumpigia akiwa baa, Christian alimpata kwa kufuatilia simu, na kitabu kinataka tuone ni uokozi. Binti mmoja wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anasuka saluni, alilisoma hilo kwa shida kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaja kuniuliza: "Dada, mtu akikufuatilia simu ni anakupenda, au?" Hakuwa anauliza habari za Seattle.

Nilimjibu nilivyomjibu, na hayo ni yetu. Ila lile "au" lake limenifanya nisimwamini tena yeyote anayesema hivi ni vitabu vya kupitisha muda tu. Kama ni vya kupitisha muda, mbona vinajibu maswali ya watu? Wala simwamini anayesema vifungiwe. Tumeshajaribu hiyo. Vitabu vya David Maillu wa Kenya, vile vidogo vya Comb Books kama After 4.30 vilivyouzwa kama njugu miaka ya sabini, vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa mashuleni kwa sababu hizihizi za mambo ya mwilini, halafu baadaye ikarudi darasani ikawa kitabu cha kufanyia mtihani. Mtu angeisoma vizuri tangu mwanzo angeona inasema nini. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Ndiyo elimu yote ya mapenzi aliyopewa Rosa na baba yake: kipigo. Anafika chuoni Morogoro hajui kitu, hana wa kumuuliza, na wanaume wako tayari kumfundisha, mkuu wa chuo akiwemo. Anatoa mimba. Anajiua. Kezilahabi hakuandika ili kuchochea, aliandika kuuliza kungwi alikuwa wapi.

Kwa hiyo mimi siwaweki Rosa na Anastasia mbali kama wanavyowekwa. Wote wawili wamefundishwa na waliopaswa kuwa wanafunzi wao. Tofauti ni kwamba Rosa ni maskini wa Ukerewe na Anastasia ameangukia bilionea, na bilionea anaweza kununua mwisho mzuri. Ndoa, nyumba, watoto, kitabu cha tatu kizima. (Hata Christian, tukumbuke, alifundwa akiwa na miaka 15 na rafiki wa mama yake, mtu mzima. Ana analiita jambo hilo kwa jina lake, unyanyasaji wa mtoto, na nampa hongera. Wasomaji wengi wanalipita kama chumvi ya hadithi.)

Nilichokitafuta baada ya hapo ni kwenye machombezo yetu, kwa sababu huko ndiko wasomaji waliko. Unatuma pesa kwa simu unaletewa sehemu ya ishirini. Nimesoma mengi mwaka huu kuliko ninavyopenda kukiri kwa mama mkwe. Lugha yake mara nyingine ni tamu sana, ina utani wa vibarazani ambao James hawezi hata kuuota. Ila katika niliyosoma, anayesimulia karibu kila mara ni mwanamume: shemeji kaingia bafuni, mama mwenye nyumba kadai kodi, mimi ningefanyaje. Mwanamke anaonekana, hasikiki. Hili James, na sentensi zake mbovu, analishinda chombezo: kwenye vitabu vyake vitatu vya mwanzo, jicho ni la Ana. Tunaona alichoogopa yeye na alichotaka yeye. Mwandishi wa Kiswahili atakayechukua jicho hilo akaliweka kichwani mwa yule binti wa saluni, akamwachia na mdomo wa somo wa kichenpati, atakuwa na kitabu ambacho kitasomwa kwenye daladala bila kuinamisha kioo. Au kikiinamishwa, kitainamishwa kwa sababu nzuri.

Kwa anayetaka kuanza leo: chukua cha kwanza, ruka maelezo ya mdomo, zisome baruapepe polepole, ishia kwenye lifti. Kisha Rosa Mistika, kwa utaratibu huohuo wa kutoruka. Cha tatu mwachie mwenye likizo ndefu. Na zile nakala za baadaye, Grey na wenzake, ambamo hadithi ileile inasimuliwa na Christian, ni chombezo la kawaida lenye bei ya dola.